Mapenzi Yamepita kwa Kauli Moja

Jumatatu, 2 Machi 1964. Budapest.

Leo nimeokoa filamu. Bado hakuna anayejua, lakini nimeiokoa.

Niandike kwa utaratibu. Kazi yangu hapa studio ni kusoma miswada na kutafuta makosa ya kisiasa kabla Wizara haijayatafuta yenyewe. Kwenye meza inayotazamana na yangu anakaa Gedeon, mwenye kazi hiyo hiyo, ambaye hula keki ya mbegu za popi juu ya miswada na kuimba kwa pua. Mkuu wa kitengo chetu anastaafu hivi karibuni. Kiti ni kimoja na sisi ni wawili.

Filamu yenyewe ni ya mapenzi na ya kuchekesha, yaani hatari mara mbili. Mkaguzi kutoka Ofisi ya Mipango anatumwa mji mdogo kuhakikisha kwamba mji umetimiza mpango wa kofia. Mpango unadai kofia za manyoya. Ni mwezi wa Julai. Huko anakutana na mwanamke mshona kofia, mwenye ulimi mkali, anayeshona kofia ambazo watu wanazitaka. Mkaguzi anampenda, mpango unavurugika, na watu wanacheka pale wasipopaswa kucheka. Vidor, mwongozaji, amemaliza kupiga picha na sasa hapati usingizi. Alikuja kwangu asubuhi macho mekundu, akaniuliza: ndugu yangu, watatukata wapi?

Nikamwambia watakata pale tutakapowapa wakate.

Akaduwaa. Nikamfafanulia. Kamati ya Wizara haiwezi kutoka kwenye onyesho bila kukata kitu. Wakitoka mikono mitupu wataulizwa wanalipwa mshahara wa nini. Basi tuwawekee chambo. Tukio moja baya kiasi cha kuvuta macho yote. Walikate, waridhike, waende kula. Mengine yatabaki salama. Wazee wote wa studio wanaijua mbinu hii, lakini hakuna aliyewahi kuifanya kisayansi. Vidor alinikumbatia. Ananuka vitunguu, nikavumilia.

Na Jolán alikuwa mlangoni, akasikia yote! Jolán ndiye anayehariri filamu hii. Alinitazama tu, na nikahisi kwamba alivutiwa.

Jumatano, 4 Machi

Chambo kimeandikwa. Nimekiandika mwenyewe, kwa mkupuo mmoja, nikiwa nimefunga mlango wa stoo ya karatasi. Nilitetemeka kwa ubaya wake.

Ni mkutano wa wafanyakazi. Ajenda ya tatu: ndugu mkaguzi anampenda ndugu mshona kofia. Mwenyekiti anauliza kama mapenzi hayo yalikuwemo kwenye mpango. Hayakuwemo. Mjumbe mmoja anapendekeza yaahirishwe hadi robo ijayo ya mwaka. Mwingine anauliza kama mshona kofia naye ameshirikishwa. Hatimaye wanapiga kura kama mkaguzi anampenda au hampendi. Mikono yote juu. Mapenzi yanapita kwa kauli moja, ila mkaguzi mwenyewe, ambaye hajapiga kura kwa sababu bado anafikiri.

Hakuna kamati duniani itakayoacha hili lipite. Vidor amelisoma akawa mweupe. Kesho wanalipiga picha kwenye kantini yetu.

Likabaki jambo la mwisho: chambo lazima kiwe na mwenyewe, maana Wizara itauliza nani kaandika upuuzi huu. Nikamfuata Gedeon. Nikamwambia kwamba nina tukio dogo, zuri sana, lakini linahitaji jina la mtu mwenye uzito. Alipangusa vidole, akasoma mistari ya juu, akaniambia, “Bwana we, hata mimi ningeandika hivi hivi.” Akatia sahihi. Keki ilibaki mdomoni wakati wote.

Kwa pigo moja filamu imeokoka na Gedeon amekwisha. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, nikavuka daraja kwa furaha tupu.

Jumamosi, 7 Machi

Kesho ni Siku ya Wanawake, kwa hiyo studio imeadhimisha leo. Nilikuwa na mpango. Nilinunua ua la hiasinti katika chungu, la buluu, lenye harufu ya kuangusha mtu. Nilitaka kumpa Jolán na kumwambia maneno fulani niliyoyatayarisha.

Sikujua kwamba mwaka huu Gedeon ndiye aliyekabidhiwa maua ya chama cha wafanyakazi. Alikuwa amempa kila mwanamke hiasinti. Za buluu. Nilipofika chumba cha kuhariri, dirishani kwa Jolán ziliwekwa nyingi mno, maana wenzake wawili wanaumwa kichwa kwa harufu na wamemwachia za kwao. Alinitazama na chungu changu mkononi, akauliza kwa upole kama na hili linatoka chama cha wafanyakazi.

Nikasema ndiyo.

Kwa nini nilisema ndiyo? Nimelifikiria njia nzima. Nadhani ni kwa sababu jibu lilikuwa tayari limeshasemwa, mimi nikaliafiki tu. Alishukuru chama. Alilisogeza la kwangu kando ya mengine, na baada ya dakika chache hata mimi sikuweza kulitambua.

Jumanne, 10 Machi

Jolán aliniita nitazame kitu. Nilichana nywele.

Alifunga pazia, akawasha meza yake ya kuhariri, akanionyesha tukio moja. Mshona kofia anashona bitana ya kofia ya mkaguzi iliyochanika. Mkaguzi amemshikia taa. Hawasemi neno. Uzi unakatika, anautia tena kwenye sindano, na mkaguzi anasogeza taa karibu kidogo bila kuambiwa. Basi. Ni refu. Nilingoja kosa la kisiasa na halikutokea. Nilijikuta nimeinamia ile meza na mkono wangu umeinuka kidogo, nao kama umeshika taa. Sijui kwa nini naandika hili.

Jolán akasema hiyo ndiyo filamu yake. Mengine yote ni ya Vidor. Akaniambia habari za mumewe, kwa mara ya kwanza, akiwa anazungusha ukanda wa filamu kidoleni. Mumewe alivuka mpaka vuli ile ya misukosuko ya 1956, zaidi ya miaka saba sasa. Usiku wa mwisho alizungumza sana: habari za bomba la maji, viatu vya kushona, hali ya hewa. “Alisema kila kitu, Tihamér, isipokuwa lile moja. Asubuhi hayupo.” Na hawa wawili, akasema, hawasemi kitu, na lile moja linasikika.

Akaniomba niangalie lisikatwe. Kesho kutwa nitakuwa mezani na kamati, yeye hatakuwa na sauti pale. Nikampa ahadi. Nikamwambia alale usingizi, chambo kipo. Akajibu kwamba hahitaji chambo, anahitaji mtu mmoja aseme kwamba amelipenda. Nilicheka. Wahariri hawajui mambo ya mkakati.

Lakini alinishika mkono wakati wa kuagana, akauacha pale kitambo. Naona mambo yanakwenda.

Alhamisi, 12 Machi

Kwanza nieleze ukumbi, ili nisije nikasahau jinsi ilivyokuwa.

Mwenyekiti wa kamati, Ndugu Barakony, hukaa safu ya mbele peke yake. Wengine wote hukaa nyuma yake, mahali ambapo shingo yake inaonekana. Kwenye filamu za kuchekesha hakuna anayetazama skrini. Tunaitazama shingo. Ikitulia, tunatulia. Ni shingo nene yenye mikunjo, na wenye uzoefu husoma mambo mengi humo.

Nusu saa nzima haikutikisika. Vidor alikuwa anatafuna kitambaa chake cha mkononi. Kisha kikaja chambo. Mkutano, ajenda ya tatu, pendekezo la kuahirisha mapenzi. Shingo ikaanza kuwa nyekundu. Nikasema moyoni, tayari, amenasa. Mikono yote ilipoinuka kwenye skrini, shingo ikaanza kutetemeka, na ikatoka sauti kama pampu ya kisima iliyokauka.

Alikuwa anacheka!

Basi ukumbi mzima ukacheka. Mpiga chapa, ambaye alikuwa anatafuta kalamu chini ya kiti, alicheka akiwa huko huko chini. Ndugu Barakony aliamuru taa ziwashwe, akafuta machozi, akasema yule mwenyekiti wa mkutano anafanana kabisa na mkuu mmoja wa Wizara ya Kilimo, hadi masikio, na kwamba alikuwa anangoja miaka mingi mtu amseme yule bwana. Akaamuru tukio lirudiwe. Likarudiwa. Akacheka tena, nasi tukacheka tena. Akasema tukio hili lisiguswe hata kidogo. Kisha akageuka, akauliza nani kaandika.

Nilifungua kinywa. Kweli nilikifungua. Lakini Gedeon alikwisha simama, mbegu za popi kwenye kola, akisema ni jambo dogo tu, Ndugu Mwenyekiti, lilimjia akiwa kwenye tramu.

Yote hayo ningeyameza. Lakini kamati ilikuwa bado haijakata kitu. Nilianza kuwaona wakipekua karatasi, na nikaelewa nilichofanya. Niliwapa chambo, wamekila, na bado wana njaa.

Mjumbe wa mwisho, mwanamke mwenye miwani, akasema kuna lile tukio la taa. Akasema wale wawili hawasemi kitu. Je, wanafikiri nini? Hatujui. Mtazamaji naye, akikaa muda wote huo gizani bila kuambiwa kitu, atafikiri nini? Anaweza kufikiri chochote. Ndugu Barakony akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema hoja ina uzito. Akauliza kama kuna mwenye maoni mengine.

Jolán alikuwa amesimama nyuma, kwenye mlango wa chumba cha mashine. Sikuhitaji kugeuka kujua.

Nilikuwa na sentensi. Ilikuwa fupi. Lakini nilipiga hesabu kwanza: nikilitetea tukio, watajiuliza kwa nini, na wakijiuliza kwa nini watarudi kulichunguza upya, na pengine wataona mengine. Ilikuwa busara zaidi kusubiri, kisha kulirudisha kimyakimya baadaye kwa hila. Nilikuwa bado naipanga ile hila Ndugu Barakony aliposema wanaokubali likatwe wanyooshe mikono.

Mkono ni kiungo cha ajabu. Unaona mikono mingine inakwenda juu, nao unakwenda. Nilipotazama ulikuwa juu, na ulikuwa wa kwangu, najua kwa kifungo cha mkono wa shati ambacho hakipo. Limekatwa kwa kauli moja.

Ijumaa, 13 Machi

Nilikwenda chumba cha kuhariri na maelezo kamili. Nilikuwa nimeyapanga katika sehemu.

Jolán alikuwa anakata. Alifanya kazi yake vizuri, kama siku zote, bila hasira kwenye mkasi. Nilianza sehemu ya kwanza. Nilimweleza kwamba kushindwa kwa jana ni kwa muda, na kwamba kimkakati mkono wangu ulikuwa na maana tofauti na mikono mingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo sijaweza kuliweka katika sehemu yoyote.

Alisema hakutarajia nishinde. Wangelikata tu, anawajua. Alitaka tu kusikia mtu mmoja akisema, mbele ya wale watu, kwamba yeye amelipenda. “Ungesema hivyo likakatwa, mimi ningekupikia chakula cha jioni leo.”

Nilimuuliza chakula gani. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Akasema lecsó, ile ya pilipili hoho na nyanya, na mayai. Akarudi kwenye kazi yake.

Nilikaa kwenye benchi la nje hadi nikapatwa na baridi. Niliona aibu. Naiandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma: niliona aibu, na nilimpenda kuliko jana, na vitu hivi viwili havikunipa nafasi ya kupumua. Ningeweza kurudi ndani nikasema. Mlango haukuwa umefungwa. Lakini kurudi bila mpango ni ujinga.

Jumatatu, 16 Machi

Gedeon ndiye mkuu mpya wa kitengo. Amepewa chumba chenye simu na zulia. Majira ya joto atakwenda na filamu kwenye tamasha nchi jirani, kama mwandishi wa lile tukio la mkutano. Ameniomba nimwandikie hotuba.

Lakini mimi niko mbali na hayo. Nimegundua kosa langu! Mbinu ilikuwa sahihi, chambo ndicho kilichokuwa kizuri kupita kiasi. Chambo lazima kiwe kibaya kwelikweli. Na nikajiuliza: kwa nini mbinu itumike kwa Wizara tu? Mwanadamu yeyote akiombwa jambo hutafuta kwanza cha kukataa. Nikimwomba Jolán moja kwa moja tuoane, atakataa, kwa kuwa hatakuwa na kingine cha kukataa. Basi nimpe.

Nikaenda. Nikamwambia nimepewa nafasi ya mkaguzi wa majumba ya sinema huko Nyíregyháza. Hakuna aliyenipa chochote. Nilichagua Nyíregyháza kwa sababu ni mbali na hakuna mtu mwenye akili timamu anayehamia huko akiwa na chumba Budapest. Hesabu ilikuwa nyepesi: yeye atasema usiende, mimi nitasema basi tuoane.

Jolán aliweka mkasi chini. Aliniuliza kama naitaka hiyo kazi.

Nikasema ni heshima kubwa.

Akasema kama ni hivyo, hongera. Akanipa mkono, wenye gundi ya filamu, na vidole vyetu vikashikana kidogo wakati wa kuachana. Hakusema usiende. Nafikiri anahitaji muda ili limwingie.

Jumatano, 18 Machi

Limemwingia Gedeon. Jolán alimwambia kantini, kwa nia njema kabisa, akamwomba aniandalie hafla ya heshima ya kuniaga. Gedeon akapanda kwenye zulia lake, akapiga simu mkoani. Kumbe nafasi ipo kweli! Iko wazi siku nyingi kwa kuwa kila anayepewa huugua. Walifurahi kusikia kuna mtu anayeitaka kwa hiari. Barua ya uhamisho ilikuwa imetiwa sahihi kabla ya chakula cha mchana. Sijawahi kumwona Gedeon akifanya kazi kwa kasi hiyo.

Aliniita, akaniambia, “Mzee, nimekupigania kama simba.” Akanikatia kipande cha keki.

Ningeweza kusema kwamba nilidanganya. Niliwaza hivyo muda wote wa supu. Sentensi yake nayo ni fupi. Lakini wangeuliza kwa nini nilidanganya, na jibu la hapo lingekuwa ni Jolán, na kantini ilikuwa imejaa. Nikasema nashukuru kwa imani mliyonipa. Wakapiga makofi, na mikono ile yote ilipokuwa inapiga nilimwona Jolán mlangoni na sinia yake, ananitazama kama mtu anayesubiri tramu ambayo huenda haiji.

Jumamosi, 21 Machi. Ndani ya treni.

Alikuja kituoni! Sikutarajia. Alileta pogácsa, vimkate vya jibini vilivyofungwa kwenye kitambaa, bado vina joto.

Tulisimama kwenye jukwaa. Nilimweleza habari za behewa, kwamba nimepata kiti cha dirishani, kwamba huko mashariki udongo ni wa mchanga na tufaha ni tamu. Niliongea sana. Aliniacha niongee, na uso wake ukawa unabadilika kadiri nilivyoendelea, kama vile alishawahi kuyasikia haya mahali. Kisha akaweka kiganja kwenye mkono wa koti langu, akaniuliza, “Tihamér, unataka kwenda, au hutaki?”

Swali la wazi namna hiyo, katikati ya jukwaa, mizigo pande zote.

Nilijua jibu. Nataka liandikwe hapa kwamba nilijua. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini papo hapo nikaona kitu ambacho mtu asiye na uzoefu asingekiona: akinisihi nibaki leo, itakuwa kwa huruma. Aniache niende, anikose, aone dirisha lake lilivyo bila mimi, na hapo atakuwa amenitaka mwenyewe, kwa hiari yake kamili. Nikasema, ndiyo, nataka sana.

Aliitikia kwa kichwa. Alisema haya, Tihamér, safari njema. Akaninyooshea kola ya koti, akageuka, akaondoka kabla treni haijatikisika. Hakutazama nyuma hata mara moja, na alitembea haraka mno. Dalili nzuri sana.

Sasa tumepita Szolnok. Nimekula pogácsa mbili, nyingine nimeshindwa. Nadhani ni vumbi la behewa. Nimeshaupanga mkakati wa huko mbele. Nikifika tu nitamwandikia Jolán kwamba nimechumbia mwalimu wa shule wa Nyíregyháza, mwanamke mzuri, tunafunga ndoa baada ya Pasaka. Hilo hatalikubali kamwe.